Saa ya Kiume Mkononi mwa Mke Wangu

Mke wangu alirudi nyumbani Jumanne moja akiwa amevaa saa ya kiume. Ilikuwa na mkanda wa ngozi nyeusi na kioo kilichokwaruzwa, na kwa kuwa mkono wake ni mwembamba, mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Nilikuwa barazani, mguu kwenye pedali ya cherehani, nikamwona anapanda kutoka migombani. Kusema kweli niliiona saa kwanza, yeye nikamwona baadaye.

"Saa ya nani hiyo?"

"Ya Daktari. Ameniazima, ya kazi."

"Kazi gani hiyo isiyotosheka na saa ya ukutani?"

"Ya ukutani imekufa tangu Pasaka. Wewe uliingia hospitali mara ya mwisho lini, uijue?"

Hapo alinikamata. Mimi si mtu wa kutoka. Hospitali iko mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, na mke wangu, aliyekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, aliukata mwendo huo kwenda na kurudi siku sita za wiki. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Biharamulo kununua cherehani, na nililala huko siku moja tu nikiwa nawaza kitanda changu kama mtu anayewaza mchumba.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Rika langu lote lilipata kazi kambini: huyu mlinzi, huyu dereva, huyu mkalimani, huyu anagawa mahindi. Wanafunzi wenzangu niliokuwa nikiwaazima daftari za hesabu walipita barabarani ndani ya magari meupe, wakanipungia mkono. Mimi nilikuwa nashona. Wilaya nzima ilishikwa na wivu wa aina yake miaka ile. Watu waliwaonea wivu wakimbizi kwa mafuta yao ya kopo na maturubai yao ya bluu, kana kwamba kuna mtu anayeacha nyumba ya bati na migomba yake ili akapate turubai. Nami nilikuwa nikiwacheka. Kumbe wivu wangu ulikuwa njiani, nao haukuwa na haja ya wilaya nzima. Ulitaka mtu mmoja tu.

Huyo daktari naye alikuwa mkimbizi. Alivuka mto Ruvubu kwa miguu pamoja na watu wake, akafika na shati alilovaa na saa hiyo, iliyokuwa ya kaka yake ambaye hakuvuka. Alifanya kazi katika hospitali ya kambini, na kwa kuwa hospitali yetu haikuwa na mpasuaji, kila Jumanne na Alhamisi gari la kambini lilimleta kilimani kwetu. Alikuwa mrefu, mpole, na lugha yao na Kihangaza chetu ni kama pande mbili za kitambaa kimoja, hivyo hakuhitaji mkalimani kumchekesha mke wangu. Siku ya kwanza tu waligundua kuwa ukoo wao ni mmoja, ukoo ambao mpaka haukuwahi kuukata. Kwa mila zetu hiyo inawafanya ndugu. Kwa hiyo mimi nikawa shemeji yake, naye akawa ananiita *muramu*, neno letu la shemeji, kila nilipokutana naye kanisani.

"Muramu, mashine inakwenda?"

"Inakwenda, Daktari."

Nilijibu hivyo huku nikitabasamu kwa meno ya mbele tu. Undugu wa ukoo wa ng'ambo ya mto hauna cheti cha ubatizo. Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia mara nyingi.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuja wakati wa chakula. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na maharage, mke wangu akaacha tonge mkononi, akaangalia mbali.

"Leo nimeona mshono," akasema. "Baba, huoni hata sindano ilipoingilia."

Aliyasema hayo mbele ya mtu anayelisha nyumba kwa mshono. Miaka tisa ya ndoa, nimemshonea sare, magauni, hadi pazia la dirisha lisilo na kioo, na hajawahi kuacha tonge.

Sasa nieleze ile saa ilikuwa ya nini, maana ndiyo iliyobeba mengine yote. Zamani pale hospitalini mtu akipasuliwa alirudishwa wodini, ndipo sindano za antibiotiki zianze, asubuhi na jioni, siku saba, kisha kapsuli juu yake. Ndugu wa mgonjwa walizihesabu sindano hizo kama watu wanavyohesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mgeni: nyingi ndiyo heshima. Na bado vidonda vilitoa usaha. Daktari akaja na utaratibu mwingine. Kwa upasuaji safi, kama wa ngiri, mgonjwa achomwe sindano moja, kabla ya kisu, ndani ya saa ile ile moja ya mwisho. Akichomwa mapema mno dawa inapungua mwilini kabla ya kazi, akichomwa baadaye inawakuta vijidudu wameshajenga. Ikipita saa kisu hakijaingia, achomwe tena. Mshono ukiisha salama, basi, hakuna nyingine. Mke wangu ndiye aliyechoma, na ndiye aliyeangalia saa.

"Moja?" nilimuuliza. "Mtu anachanwa tumbo, mnampa sindano moja?"

"Wewe kitambaa cha pamba unakiloweka lini?"

"Kabla ya kukata."

"Kwa nini usishone kwanza, ukaloweka baadaye?"

"Kitasinyaa, nguo itambana mtu."

"Na hiyo nguo iliyobana, ukiiloweka siku saba, itapanuka?"

Nilimeza tonge bila kutafuna. Ni vibaya kuoa mtu anayekusikiliza unapoongea na wateja.

Utaratibu huo haukupendwa na wote. Maneno yalianza chini chini kuwa daktari mkimbizi anawabania wananchi dawa ili zinazobaki zivushwe kambini kwa wenzake. Matroni, mama mmoja mkali ambaye hata mapadri walimwamkia, aliyasikia maneno hayo. Akamwita mke wangu. Mke wangu alisema anamdhamini Daktari na sindano yake. Matroni akampa hadi mwisho wa mvua za masika: vidonda vikikauka, utaratibu utabaki. Vikianza kuoza, watarudi kwenye siku saba, Daktari ataambiwa asante na asije tena, na aliyemdhamini atatoka chumba cha upasuaji akaandike kadi za wagonjwa wa nje.

Mke wangu akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika ukutani wodini upande mweupe. Kila aliyepasuliwa alichorewa duara. Kidonda kikimaliza mwezi kikiwa kikavu, duara linabaki jeupe. Kikitoa usaha, analijaza wino. Wagonjwa wakisharuhusiwa aliwafuata majumbani Jumapili baada ya misa, anawafunua matumbo, anachungulia, anarudi nyumbani saa nane mchana miguu imejaa vumbi na uso umejaa furaha. "Bado meupe," ananiambia. Mimi namwekea chakula, nasema vizuri, huku jicho langu liko kwenye saa.

"Jicho lako lingekuwa kwenye uzi kama lilivyo kwenye mkono wangu," aliniambia siku moja, "usingemshonea mwalimu mkuu mfuko nje ndani."

Ngiri yangu ililetwa na mvua. Ilinyesha ghafla, nikalinyanyua cherehani na meza yake kuliingiza ndani peke yangu, nikasikia kitu kimeteleza kwenye kinena, kama kitufe kinachopita tundu kubwa. Jioni nikaona uvimbe. Nilijua ni nini. Nilijua pia ni nani anayepasua ngiri katika kilima chetu, na ni nani anayesimama kando yake na saa. Basi nikajishonea suruali pana za marinda, mbili, nikanyamaza wiki tatu.

"Fundi ambaye miaka yote anatembea bila kifungo," alisema mke wangu, "leo anajishonea suruali mbili mpya. Simama nikuone."

Nilisimama. Akakohoa yeye, akaniambia nikohoe na mimi. Nikakohoa. Akabonyeza.

"Alhamisi," akasema.

"Nitasubiri daktari mwingine."

"Atoke wapi?"

"Mungu analeta."

"Mungu ameshaleta, kapitia mtoni. Baba, sikiliza. Utumbo ukibanwa humo, ni siku mbili tu unazikwa. Na mimi nitawaambia waombolezaji kuwa umekufa kwa wivu, wacheke hadi kaburini."

Alhamisi ikanikuta mezani chini ya vitambaa vya kijani ambavyo, kwa taarifa yako, nilivishona mimi. Walinichoma ganzi ya mgongo, hivyo miguu ililala na masikio yakabaki macho. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa amenichoma ile sindano moja kwenye mshipa wa mkono, taratibu, akaangalia saa. Kisha jenereta likazimika. Tukakaa. Fundi wa jenereta alisikika nje akilibembeleza kama ng'ombe aliyegoma kukamuliwa.

"Muda?" akauliza Daktari.

"Ishirini."

Tukasubiri tena.

"Muda?"

"Thelathini na tano."

"Ikifika saa?"

"Namrudia."

"Haya."

Maneno hayo machache, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Mimi na mke wangu hatujawahi kuelewana kwa uchache namna ile hata kuhusu chumvi. Nilikuwa nimelala katikati yao kama mto wa kitanda. Jenereta likaamka, taa zikawaka, mke wangu akasema arobaini na mbili, kisu kikaingia. Sikusikia maumivu. Nilisikia uzi. Fundi anausikia uzi ukipita hata kama ni nyama inayopitiwa, na uzi ule ulipita kwa mwendo mmoja, bila kukwama.

Kesho yake alikuja kuniona jirani yangu, mzee wa shamba lililopakana na letu, ambaye naye alipasuliwa ngiri pale pale miaka ya nyuma, kabla ya Daktari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuchoma ngapi?"

"Moja."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyealikwa harusini akapewa mchuzi bila nyama.

"Moja," akasema. "Mimi nilichomwa siku saba, asubuhi na jioni. Nilifikia kukaa upande kama kuku anayeatamia."

"Na kidonda kilipona?"

"Kilitoa usaha kidogo tu. Wiki tatu hivi, nne. Lakini dawa nilipata."

Jamani, mtu aliyesoma hadi kidato cha nne alipaswa kuyasikia maneno hayo. Usaha wiki nne, baada ya sindano siku saba. Yalipita kando ya sikio langu. Nililosikia ni kwamba mwenzangu alipewa kumi na nne na mimi nimepewa moja, na wivu ulivyo, hata matakoni hauoni aibu kuhesabu.

Mzee akainama karibu. "Lakini na mimi ningekuwa daktari, halafu nikampenda nesi fulani, halafu mumewe akaja mezani kwangu mwenyewe, mwanangu, dawa ningembania nani?"

Akacheka hadi akakohoa. Alikuwa anatania, mtu yeyote angejua anatania. Mimi nilicheka pia, kicheko cha cherehani lisilo na mafuta. Alipoondoka aliniachia zawadi ndani ya kipande cha gazeti: kapsuli nne za rangi mbili, nusu nyekundu nusu nyeusi, alizozipata gulioni. "Usimeze," alinionya. "Tumboni zinachelewa. Zipasue, mwagia unga juu ya kidonda chenyewe. Sisi wote hufanya hivyo shambani."

Ni kweli, wote tulifanya hivyo. Mtu akijikata jembe, kapsuli hupasuliwa, unga ukamwagwa, na kidonda kikipona sifa ni za unga, kisipopona lawama ni za jembe.

Mchana ule, wauguzi walipokwenda kula, niligeukia ukutani nikaanza kuifungua plasta. Nilianzia pembeni, kwa ukucha, kama unavyofumua pindo bila kuharibu kitambaa. Bandeji ikanyanyuka. Nikauona mshono.

Niliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Nilitafuta kasoro kama ninavyotafuta kwenye kazi ya fundi wa mtaa wa pili. Hatua zilikuwa sawa, fundo ndogo, kingo zimelala pamoja bila kukunjamana, pakavu kabisa, pasafi. Ningekuwa mtu mwema ningefunika pale pale, nikalala. Badala yake nilipasua kapsuli mbili, nikamwaga unga, nikausambaza kwa kidole kilichotoka kushika ndizi ya kuchoma. Kisha nikairudisha bandeji mahali pake, plasta juu ya alama yake ile ile, kwa ustadi ambao hata leo najisikia fahari nao, Mungu anisamehe. Jumamosi nikarudia kwa zile mbili zilizobaki. Maganda yake niliyatia mfukoni mwa pajama. Fundi hatupi kitu, hata kifungo kilichovunjika.

Usiku wa Jumapili sikulala vizuri. Jumatatu mchana joto lilinipanda na kinena kikawa kinadunda kama pedali. Matroni alikuja mwenyewe, mke wangu nyuma yake na sinia. Akafungua. Unga ulikuwa umeshalowana na kila kitu kilichokuwa pale, hukuweza kusema hiki ni dawa na hiki ni usaha. Harufu haikuhitaji maelezo.

Matroni alifumua nyuzi mbili, akasafisha kwa maji ya chumvi, akaacha wazi, akapachika shashi. Nilikaza meno. Alipomaliza alitazama kalenda ukutani, ule mstari mweupe wote, akasema maneno mawili tu.

"Sindano moja."

Kisha akamwambia mke wangu, "Kesho Daktari akija, tukutane hapa hapa," akatoka.

Mke wangu aliinua kalamu kwenda kalendani, akairudisha mfukoni.

Nataka nikiri jambo. Kwa saa nzima ile ya mchana nilifurahi. Homa ilikuwa juu, kinena kinawaka, na moyoni nilikuwa kama mtu aliyeshinda kesi. Sikuhitaji kufanya lolote. Nikinyamaza tu, Alhamisi gari la kambini halitapanda kilima chetu. Hakutakuwa na mishono inayoachisha watu matonge. Hakutakuwa na muramu. Kidonda changu kitamfukuza kwa niaba yangu, na mimi nitabaki mgonjwa wa kuhurumiwa.

Saa kumi jioni mke wangu alimaliza zamu, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. Alifungua mkanda wa saa, kwenye lile tundu la msumari, akaiweka juu ya kabati dogo, karibu na kikombe changu.

"Kesho nitamrudishia," akasema. "Ataihitaji huko."

Miezi yote ile nilikuwa nimeomba kuuona mkono ule bila ile saa. Sasa niliuona. Mahali ilipokuwa palikuwa na mstari mwembamba, mweupe kidogo kuliko ngozi nyingine, na alikuwa anapasugua kwa kidole gumba kama mtu aliyepoteza kitu na bado anakitafuta.

Nikamkumbuka mteja mmoja. Alikuja kuchukua gauni la ubatizo, likamkaa vizuri, akaondoka akiimba. Nyumbani akaona akiliachia kiunoni litapendeza zaidi, akafumua kwa kisu cha jikoni. Jumapili likampasukia kanisani, na alisimama mlangoni akiwaambia watu ni kazi ya fundi fulani. Nilikosa wateja miezi mitatu. Nilimchukia mwanamke yule kwa chuki ambayo nilidhani haina mwenzake duniani. Na sasa, kitandani pale, nilikuwa mimi, na kisu cha jikoni kilikuwa mfukoni mwa pajama langu.

"Niliifungua," nikasema.

"Nini?"

"Bandeji. Ijumaa na Jumamosi. Nilimwagia rangi mbili."

Hakuinua sauti. Hajawahi kuinua sauti wodini. "Kwa nini?"

"Sindano ilikuwa moja."

"Nilikueleza ya moja. Ukaelewa. Niliona umeelewa."

"Niliona kama amenibania."

"Daktari?"

"Daktari."

Alinitazama hadi nikageukia ukuta. Kisha akasema, pole pole, "Haya utayasema kesho, mwenyewe, mbele yao. Mimi nikiyasema wataona nimemfundisha mume wangu uongo wa kuniokoa." Akasimama. Saa aliiacha pale pale kabatini, nami nikawa na kazi ya kuitazama.

Jumanne asubuhi walisimama watatu kwenye miguu ya kitanda changu. Nikasema. Matroni alisikiliza mikono imekunjwa.

"Bandeji hii niliikuta kama nilivyoiacha," akasema. "Hata plasta haijasogea. Wewe baba unampenda mkeo, hilo ni jema, lakini usinichezee."

Ndipo nikaelewa adhabu ya kuwa na mikono mizuri. Nilijieleza ninavyofumua pindo. Hakuamini. Nikaingiza mkono mfukoni, nikamwaga maganda juu ya shuka: manne mekundu, manne meusi, kama vifungo vya koti la mwendawazimu.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kunywa uji.

"Muramu," akasema Daktari hatimaye, "ungetaka sindano za siku saba ungeniambia. Ningekuchoma za maji, asubuhi na jioni, mpaka roho yako itulie."

Matroni ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka bila kufungua mdomo, mabega tu yakipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa hata yeye ni mtu. "Andika," akamwambia mke wangu.

"Nijaze wino?"

"Kimeoza hakikuoza?"

"Kimeoza."

"Basi jaza. Kidonda ni kidonda. Lakini andika na sababu."

Mke wangu alikwenda kwenye kalenda, akalijaza duara langu wino mweusi, akalijaza vizuri bila kuacha nafasi. Kando yake akachora mkasi mdogo. Kisha akarudi, akaichukua saa kabatini, akaivaa. Gari la kambini liliendelea kupanda kilima Jumanne na Alhamisi, na masika ilipoisha Matroni alibandika utaratibu wa sindano moja ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mimi nilikaa wodini wiki nyingine mbili. Kovu langu limekunjamana upande mmoja kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi, na kazi ile nzuri ya mtu sasa haionekani tena popote. Nilipopona, mke wangu alinipa kifungo changu: kila Jumatano nipande hospitali, nikakae na waliongojea kupasuliwa Alhamisi, pamoja na ndugu zao wenye kapsuli mifukoni, niwafunulie kovu na kuwaeleza. Mimi, mtu wa barazani. Nilikwenda. Jirani yangu alikuja mara moja kunisikiliza, akaketi mbele, na nilipofika kwenye habari za sindano kumi na nne akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba mzee huyo mjinga ni wa kijiji kingine.

Mwaka uliofuata Daktari alihamishiwa kambi nyingine, mbali, upande wa kusini. Mke wangu alimrudishia saa. Wakati huo ukuta wa hospitali ulikuwa na saa mpya, kubwa, inayotembea. Akaniambia shati la Daktari limechakaa kola na kwamba mila inamtaka shemeji amuage shemeji yake kwa kitu.

Basi Daktari akaja barazani kwetu, akasimama mikono wazi, nikamzungushia utepe. Shingo, kifua, mabega, urefu wa mkono. Ni vigumu kumwonea wivu mtu ukiwa umemshika kiwiko na umesikia mbavu zake chini ya utepe. Nilijitahidi. Shati alilokuwa amevaa lilikuwa limegeuzwa kola mara mbili na kushonwa upya kwa mkono, hatua sawa, fundo ndogo, na nikajua ameshona mwenyewe, kwenye turubai, akiwa na uzi wowote alioupata.

"Muramu, unapima kama mtu anayetaka kunizika," akasema.

"Ningetaka kukuzika ningepima urefu tu."

Nilishona siku mbili. Nililoweka kitambaa kwanza. Mkono wa kushoto, pale penye kifungo, niliuongeza nusu inchi kuliko wa kulia, ili saa iweze kupita chini yake bila kukwama. Sikumwambia mtu. Mke wangu alilichukua kulipiga pasi, akafika kwenye mkono ule, akasimama, akaulinganisha na mwenzake. Akanitazama kwa juu ya pasi.

"Umekosea kipimo," akasema.

"Nimekosea."

Akaendelea kupiga pasi. Alilipiga pasi shati lile kwa uangalifu mkubwa, kola mara mbili, mgongo mara tatu, akilinyunyizia maji kwa vidole. Mashati yangu hajawahi kuyapiga namna ile. Niliyaona hayo yote kutoka kwenye cherehani, nikahesabu kila mpito wa pasi.